Mlango wa Makufuli Matatu

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Kikao cha Bodi ya Wadhamini, Mfuko wa Huruma kwa Wakimbizi. Saa tatu asubuhi kwa mujibu wa barua, saa tano kwa mujibu wa watu. Tumekaa mpaka saa nane. Tumeazimia jambo moja: tukutane tena.

Mimi ni Makamu Mwenyekiti. Miaka miwili sasa, makamu! Tangu ushirika uniondoe kwenye bohari la pamba, eti wanapunguza wafanyakazi, hiki ndicho cheo pekee nilichobaki nacho, na chenyewe ni nusu cheo. Barua zinaandikwa kwa Mwenyekiti. Mimi napata nakala. Tena nakala ya kaboni, ile ya chini, isiyosomeka.

Mwenyekiti ni Mzee Kaijage, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Bukoba. Anatafuna punje za kahawa kikao kizima, na ajenda ikimshinda anahamia kwenye Kiingereza. Ukimwamkia anaitikia marahaba ndefu mpaka unajisikia mwanafunzi. Uchaguzi ni Jumamosi ya tarehe 19. Safari hii simwachii.

Shida ni kura. Wadhamini tuko wanne tu. Mama Getruda wa duka la dawa anampigia Kaijage siku zote, bila hata kuuliza anagombea nini. Shemeji yangu Chenge, muuza ng'ombe, ananipigia mimi. Mbili kwa mbili. Mwaka juzi tulirusha shilingi juu. Ikamwangukia Kaijage. Sasa nchi nzima iko kwenye vyama vingi, watu wanapiga kampeni mpaka saluni, halafu sisi turushe shilingi tena? Haiwezekani.

Wazo lilinijia Kaijage akiwa anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, ambacho nacho kilikuwa cha kusoma kumbukumbu. Anatakiwa mdhamini wa tano. Awe wangu! Nikasimama. Nikatoa sauti yangu ya kanisani. Nikasema ni aibu Bodi ya wakimbizi kukosa mkimbizi hata mmoja. Mama Getruda akatoa leso. Kaijage akaacha kutafuna.

Nikampendekeza Odeta. Ni Mrundi, kiongozi wa wale kina mama kumi na wawili washonaji wenye vibali vya kukaa mjini. Mpole mno. Mbele yetu hajawahi kusema kitu zaidi ya shikamoo. Nadhani Kiswahili hakijui vizuri, na mtu asiyejua lugha habishi. Amepita bila kupingwa. Kura yangu ya tatu imeingia ndani kwa makofi!

Jumatano, 9 Agosti

Siku njema sana. Nimepigiwa makofi tena.

Tulikuwa Igoma, kwenye bohari letu, kupokea nguo za mitumba zilizochangwa na parokia. Mlango una makufuli matatu. Mwaka jana Bodi iligundua kwamba hakuna anayemwamini mwenzake, tukaliandika jambo hilo kwenye kumbukumbu kama "uwazi", tukanunua makufuli. Moja la Kaijage, moja la Mama Getruda, moja langu. Mmoja akikosekana, mlango haufunguki.

Ndani mna vyerehani kumi na viwili vya kina Odeta, vimekaa tangu Februari. Havijagawiwa kwa sababu ya mgeni rasmi. Kaijage anataka awe yeye. Mimi naona ninafaa mimi. Tumeahirisha mara tisa. Buibui wamejenga humo, wanaishi raha mustarehe.

Odeta alikuja kupokea nguo kwa niaba ya wenzake, na mpiga picha wa parokia alikuwepo. Kaijage, bila kumwambia mtu, akavua sweta lake na kuliweka juu ya mitumba. Kamera ikalia. Yule mzee ana hila! Nikaona hapana. Nikavua koti langu. Koti la suti, la kijivu, lile la harusi yangu. Nikamkabidhi Odeta kwa mikono miwili, uso nimeugeuzia kamera. Makofi! Mama Getruda, leso tena. Kaijage akabaki anatetemeka na fulana yake kwenye upepo.

Odeta alitaka kuniambia kitu. Nikampungia mkono, nikamwambia asinishukuru. Tukaiacha mitumba ndani, na koti juu yake, tukabana makufuli, ka, ka, ka, tukaondoka.

Alhamisi, 10 Agosti

Mama yangu wee!

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti.

Nimetafuta kila mahali kabla ya kukubali. Chini ya godoro. Ndani ya viatu. Kwenye pipa la unga, na mke wangu Modesta kanikuta mikono myeupe mpaka viwikoni, akauliza, Baba Rose, unapika? Nikasema nakagua wadudu.

Ufunguo uko ndani ya bohari. Bohari linafunguliwa kwa ufunguo. Nimechora mchoro ili nielewe vizuri. Nimeelewa vizuri. Haijasaidia.

Kumwambia Kaijage siwezi. Siku tisa kabla ya uchaguzi? Atalisoma jambo hilo mbele ya kikao kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Jioni nikapata akili. Nimemwandikia barua rasmi: kwa usalama wa mali za wakimbizi katika kipindi hiki nyeti, bohari lisifunguliwe mpaka uchaguzi upite. Modesta kaipeleka. Jibu limerudi papo hapo. Kaijage amekubali kwa moyo wote na ananipongeza kwa busara. Ananipongeza! Ningejua hivyo ningeandika mapema.

Jumamosi, 12 Agosti

Mpango: kukata kufuli langu kwa msumeno wa chuma, kuchukua ufunguo, kubana kufuli jipya linalofanana. Nilisahau kwamba hata nikikata la kwangu, yanabaki ya wale wawili. Hilo nililikumbuka nikiwa nimeshafika, nimeshapiga goti, nimeshakata theluthi moja.

Mlinzi Kija akapuliza filimbi. Yule mwanamke alikuwa sungusungu huko kwao kabla hatujamwajiri, na filimbi anayo ileile. Dakika mbili, nusu ya Igoma imenizunguka. Fundi baiskeli kaja na pampu yake mkononi. Nikasimama, nikajikung'uta, nikatangaza kwamba Makamu Mwenyekiti yuko kwenye ukaguzi wa kutu.

Kija akanisalimia kwa heshima zote, kisha akaandika kwenye daftari la wageni: "Saa sita na robo. Makamu. Amekagua kufuli kwa msumeno." Nikamwomba afute. Akasema kalamu ni ya wino.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimeanza kumfunza Odeta. Nimemwita nyumbani, Modesta katoa chai. Nikaongea polepole na kwa sauti kubwa, mpaka jirani akachungulia. Nikamwonyesha: mimi nikiinua mkono, wewe inua mkono. Nikishusha, shusha. Usisikilize maneno, maneno ni mengi, wewe tazama mkono wangu tu. Tulijaribu mara ishirini. Hakukosea hata moja. Hazina, yule mama!

Akaniuliza, ufunguo upo? Nikasema upo. Akaniuliza tena, ufunguo upo? Nikaona ndicho Kiswahili alichonacho. Akauliza mara ya tatu, akinitazama machoni muda mrefu kidogo. Nikamwambia upo, salama kabisa, mara tu nikipata uenyekiti mlango utafunguliwa siku hiyohiyo. Akaitikia kwa kichwa, akamalizia chai yake.

Alipoondoka, Modesta kanivaa. Kumbe paroko kawapa wale kina mama kazi ya kushona nguo nyeupe za kipaimara, watoto mia moja na sitini, Askofu anakuja tarehe 10 Septemba. Wasipoanza kufikia Jumapili hii ya tarehe 20, kazi inakwenda kwa fundi wa mjini. Ndiyo kazi yao ya kwanza tangu wafike. Vitambaa vimeshakatwa, vimekunjwa kwenye chumba cha Odeta, na wanawake kumi na wawili wanavitazama.

Nikasema pole yao. Modesta akasema, pole yako, maana gauni la Rose limo humo.

Rose wangu! Hilo sikulijua. Kusema kweli limenichoma. Usingizi wa mchana haukuja.

Lakini uchaguzi ni tarehe 19 na siku ya mwisho ni tarehe 20. Siku moja katikati. Inatosha.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimehamisha kikao. Ofisini Kaijage ana kiti chenye mikono na mto, sisi tunakaa benchi. Anayekalia kile kiti ameshashinda kabla hatujafungua kwa sala. Sasa tutakutana ufukweni Ilemela, kwenye banda la samaki la rafiki yake Chenge. Viti vya plastiki, wote sawa. Sato wa kuchoma, ndizi, na kichwa cha sangara kwa Mama Getruda, ambaye kwa kichwa cha samaki husahau hata jina lake.

Kaijage katuma ujumbe kwamba wiki hizi vidudu vya ziwa vinaibuka. Nimemjibu asiogope mabadiliko. Chenge naye nimempa maelekezo yaleyale, autazame mkono wangu, maana huwa anasinzia.

Tatu kwa mbili! Nimeshaandika hotuba. Kurasa sita. Ya kushukuru.

Jumamosi, 19 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianze na samaki. Samaki walikuwa wazuri.

Saa kumi tulikaa. Mwenyekiti, Mama Getruda na daftari la kumbukumbu, Chenge, mimi, na Odeta ng'ambo ya meza, macho kwenye mkono wangu wa kulia. Hakuyapepesa. Nilipochukua chumvi, aliinua kidogo. Nikamtuliza kwa ishara.

Kaijage akasema kura zitakuwa za wazi, aanze mkubwa kwa umri. Nikakubali kwa tabasamu. Akajisafisha koo. Wanaomtaka Mzee Kaijage aendelee, wanyooshe mikono.

Ndipo vikaja. Vidudu vya ziwa! Wingu zima, vimeinuka majini kama moshi wa tanuri la matofali, vikatushukia. Masikioni, puani, kwenye sato. Kimoja kikaniingia jichoni. Nikapiga mkono juu kujikinga.

Odeta akanyoosha mkono.

Nikauona, nikataka kushusha wangu, vikaja vingine, nikapunga juu zaidi. Chenge kashtuka usingizini, kauona mkono wangu angani, akafikiri mpango umebadilika. Akanyoosha yote miwili! Mama Getruda alikuwa ameshanyoosha wake, kichwa cha sangara mkono wa pili. Kaijage mwenyewe akanyoosha wa kwake, kisha akatuhesabu taratibu, mmoja mmoja.

Kwa kauli moja.

Nikafungua mdomo nipinge. Vikaingia. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na Kaijage akadhani nalia kwa furaha. Akaja akanikumbatia. Kifua kizima kinanuka kahawa. Akasema miaka yote miwili alidhani namwonea wivu, na leo nimemfundisha kitu katika uzee wake. Ningesema nini? Mama Getruda aliandika yote. Leso hakuwa nayo, alitumia kitambaa cha meza.

Upepo ukageuka, wingu likahamia kwa majirani. Ikafika ajenda ya mwisho, mengineyo. Odeta akasimama.

Akaongea! Kiswahili kimenyooka kuliko changu. Kumbe amezaliwa Buyenzi, kule Bujumbura, ambako Kiswahili wanakiongea nyumbani tangu kwa bibi zao. Akashukuru kuaminiwa. Akasema anayo hoja moja fupi: Bodi iazimie kwamba mlango wa Igoma ufunguliwe leo, kwa njia yoyote ile, vyerehani vitoke, na mgeni rasmi asiwepo. Akainua mkono. Akanitazama mimi.

Wote wakanitazama. Nikainua. Safari hii hapakuwa na kidudu hata kimoja.

Tukapanda lori la ng'ombe la Chenge mpaka Igoma, Mwenyekiti mbele na dereva, Makamu nyuma kwenye samadi. Mlangoni kina mama kumi na mmoja walikuwa wanasubiri, wamekaa chini kimya. Kija kasimama kando na filimbi yake. Kaijage akafungua lake. Mama Getruda akafungua lake. Wakanigeukia.

Nikapapasa mifuko yote. Nikapapasa tena. Nikasema nadhani nimeuacha nyumbani. Nikasema labda umeanguka ziwani. Nikataja mwizi.

Odeta akasema, bila ukali wowote, kwamba uko mfuko wa kushoto wa koti. Aliuhisi siku ileile nilipomkabidhi, akataka kuniambia nikampungia mkono. Baadaye akaja nyumbani kwangu akaniuliza mara tatu, ili niseme mwenyewe.

Kaijage alinitazama vile walimu wanavyotazama. Mlinzi Kija akafungua daftari la wageni akalisoma kwa sauti, tarehe 12, saa sita na robo.

Mama Getruda akauliza sasa tutafanyaje. Odeta akatoa bisibisi kwenye mkoba. Hakugusa kufuli. Akaenda upande wa pili wa mlango, kwenye bawaba. Fundi alizifunga kwa nje! Skrubu nane, zinaonekana peupe, na sisi mwaka mzima tumetazama upande wa makufuli tu. Dakika sita. Mlango ukafunguka kinyumenyume, ukabaki umening'inia kwenye kufuli langu.

Kaijage akamuuliza tangu lini alijua. Akasema tangu Februari, kila siku alipopita hapa. Basi kwa nini hakufungua? Odeta akafuta bisibisi kwa kanga yake. Akasema mkimbizi akifungua mlango ule ni mwizi, na kesho yake wote kumi na wawili wanarudishwa kambini. Bodi ikiufungua ni azimio. Alikuwa anasubiri azimio.

Hata Kaijage hakupata Kiingereza chake.

Wakavitoa wenyewe, wawili wawili, vichwani. Walipokifuta cha kwanza vumbi na kukijaribu, kikalia. Nilisimama pale na mikono yangu mitupu. Nimeona aibu, naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu. Aibu ya kweli. Miezi sita! Kwa sababu ya nani akate utepe.

Jumatatu, 28 Agosti

Rose amejaribu gauni. Limemkaa. Modesta kanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Kina mama wameshamaliza tisini, na shule moja ya Usagara imekuja kuulizia sare.

Koti nililidai kwa heshima. Odeta kasema sasa ni mali ya wakimbizi, kulirudisha kunahitaji azimio la Bodi. Ufunguo tu ndio kanipa. Koti amepewa mzee mmoja, Ntare, aliyefika juzi na treni ya Tabora. Linambana kwapani.

Nimetafakari sana wiki hii. Nimekaa peke yangu, nimejichunguza bila huruma, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Lilikuwa ufukweni. Uchaguzi ujao, Agosti 1997, utafanyika ndani, madirisha yamefungwa.

Tena Kaijage, ambaye siku hizi ananiita mwanangu, kanipa uenyekiti wa Kamati Ndogo ya Mlango. Mwenyekiti! Leo asubuhi nimewasilisha pendekezo langu la kwanza: bawaba ziwekwe ndani, na makufuli yawe matano, moja kwa kila mdhamini. Chenge kaunga mkono. Odeta kainama kidogo, nadhani alikuwa anakohoa. Limeahirishwa, lakini kufuli langu nimeshalinunua.

Halafu nimeona Bodi inahitaji mdhamini wa sita. Nimeshampata. Mzee Ntare! Kwa Odeta nilikosea kwa sababu alikuwa mpole tu, huyu hasemi kabisa. Nimemwita nyumbani leo mchana, Modesta akaondoka na birika lake bila kumimina. Nikamwonyesha: nikiinua mkono, inua mkono. Ameinua vizuri mno, mshono wa kwapa ukalia kidogo.

Ufunguo wa kufuli jipya nimewaza sana niuweke wapi, pasipoweza kupotea wala kufikiriwa na mtu. Nimempa yeye anishikie. Kautia mfuko wa kushoto.